Kali ni neno moja tu

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi, natumaini hujambo. Barua yako nimeisoma mara mbili, pamoja na ile insha ya Kiingereza uliyoandika kuhusu bibi yako. Unasema kila ukifungua kamusi unakuta maneno manne yenye tafsiri ileile, basi unachukua mojawapo huku moyo unakudunda. Nakuelewa kabisa. Niliwahi kumwandikia mwalimu wangu barua ya shukrani. Nilitaka kumwambia kwamba sifa zake zimeenea kote, nikaandika "notorious", kwa sababu kamusi yangu ndogo ilisema tu "anayejulikana sana". Kumbe neno hilo ni la jambazi na tapeli, mtu anayejulikana kwa ubaya. Nilitakiwa kuandika "famous" au "renowned". Alinisahihisha kwa upole, lakini iliniuma, maana nilikuwa nimemwandikia kwa mapenzi.

Tangu hapo siridhiki na maana peke yake. Naangalia neno linaandamana na nani.

Chukua neno letu "kali". Kisu kikali, mwalimu mkali, mbwa mkali, dawa kali, maumivu makali: sisi tunatumia neno moja na tunaelewana. Kwa Kiingereza kisu ni "sharp", mwalimu ni "strict", mbwa ni "fierce", dawa ni "strong", na maumivu yakizidi ni "severe". Ukimwita mwalimu "fierce", msomaji anamwona akitoa meno. Ukimwita "sharp", anadhani unasifu akili zake. Kwa hiyo usijifunze tafsiri ya "kali" ikiwa pweke. Jifunze kisu pamoja na "sharp", mwalimu pamoja na "strict", kama unavyokariri jina la mtu pamoja na la baba yake.

Mara nyingine Kiswahili chenyewe kinakupa ufunguo. "Say" na "tell" ni kusema na kuambia: "tell", kama kuambia, kwa kawaida linataka mtu baada yake. "Steal" hufuatwa na kitu kilichoibwa, "rob" hufuatwa na aliyeibiwa, na mara nyingi "rob" lina nguvu au vitisho ndani yake. Lakini kivuli hakikusaidii. "Shade" ni ule ubaridi wa chini ya mti. "Shadow" ni umbo lako likikufuata ukutani.

Uliniuliza kwa nini Kiingereza kina maneno mengi hivyo. Sababu moja kubwa ni ya mwaka 1066, Wanormani walipotoka Ufaransa wakaiteka Uingereza. Kwa muda mrefu Kifaransa kikawa lugha ya ikulu na mahakama, na wasomi nao wakaandika Kilatini, huku wananchi wakiendelea na maneno yao ya zamani. Ndiyo maana kuna "ask" la wenyeji, "question" lililopitia Kifaransa na "interrogate" la Kilatini. La kwanza unamuuliza rafiki, la pili mara nyingi lina shaka ndani yake, la tatu ni la polisi na mtuhumiwa. Si kanuni ya kila mahali, ila ukikwama kati ya neno fupi la kila siku na refu la kisomi, andika lile fupi.

Sasa insha yako. Bibi umemwita "skinny". Neno hilo linamchora mtu aliyekonda hadi mifupa inaonekana, na mara nyingi lina dharau. Ukitaka kusema tu kwamba ni mwembamba, andika "thin". Ukitaka kumsifu, andika "slender". Wewe ndiye uliyemwona, chagua mwenyewe.

Na pale mwisho ulipoandika "her old hands", tafadhali usipaguse. Najua ulifikiria "elderly", nimeona ulivyolikata kwa kalamu. Ulifanya vizuri. "Elderly" ni heshima wanayopewa wazee, mikono haiitwi hivyo. Niliposoma sentensi ile niliiona mikono ya bibi.

Nitumie nakala mpya ukimaliza.

Wako daima,
Rafiki yako