Barua kwa mwanangu: kadi 13 za watoto wa chekechea

Mwanangu mpendwa,

Salamu kwako na kwa hao watoto wako wa chekechea. Umeniuliza kuhusu Dobble. Mchezo huo ulitolewa Ufaransa mwaka 2009, kazi ya Denis Blanchot: kadi 55 za duara, kila moja ina picha 8, na ukishika kadi zozote mbili utakuta picha moja tu iliyopo kwenye zote mbili. Anayeiona na kuitaja kwanza ndiye mshindi. Kwa mtoto wa miaka minne picha 8 ni nyingi mno, ataishia kubahatisha. Watengenezee za picha 4.

Chagua picha 13, uzipe namba: 1 yai, 2 jua, 3 mti, 4 kuku, 5 embe, 6 samaki, 7 kiatu, 8 nyota, 9 kofia, 10 paka, 11 ndizi, 12 kijiko, 13 nyumba. Kadi ya kwanza ina 1, 2, 4 na 10. Kwa kila kadi inayofuata, ongeza moja kwenye kila namba: ya pili 2, 3, 5, 11, ya tatu 3, 4, 6, 12. Ukipita 13 unarudi 1, hivyo ya tano ni 5, 6, 8, 1, yaani embe, samaki, nyota, yai. Endelea mpaka kadi ya 13. Usibadilishe namba nne za mwanzo. Ukianza na 1, 2, 3, 4, kadi mbili za kwanza zitashirikiana picha tatu, na nyingine hazitakutana kabisa. Ukimaliza, hesabu: kila picha iwe kwenye kadi 4, jumla michoro 52. Ikipungua moja, watoto watatafuta kitu kisichokuwepo.

Majina ni mafupi kwa makusudi. Kila mtoto hutafuta picha yake, na mwenye "baiskeli" atapitwa na mwenye "yai" hata kama aliona mapema. Mpira nimeuacha kwa sababu ukichorwa mdogo unafanana na yai.

Sasa lililo kubwa kuliko yote: ukubwa. Kuku yuleyule ajae kadi moja, kwenye nyingine awe kama ukucha wa kidole gumba, kwingine alale ubavu au miguu iwe juu. Picha zikilingana, mtoto hatafuti, anaona tu. Lakini rangi usibadilishe. Kuku mwekundu hapa na mweusi pale ataleta ugomvi, na mtoto anayesema "siyo yule" atakuwa na haki.

Kata manila kwa duara la sentimita 9. Duara halina juu wala chini, na halina kona za kukunjika. Kona iliyokunjika watoto huikariri haraka sana. Maka peni hupenyeza wino hadi nyuma, kwa hiyo tumia penseli za rangi.

Siku ya kwanza weka kadi mbili mkekani bila mashindano, uulize, "Kipi kipo huku na huku?" Wakizoea, wagawie watoto wanne kadi tatu tatu na moja ibaki katikati, imefunuliwa. Kila mmoja hufunua ya juu kwenye fungu lake. Anayetaja picha iliyopo kwake na katikati anaweka kadi yake pale juu, kisha wote wanatafuta upya kwa kadi hiyo mpya. Anayemaliza kwanza ameshinda. Wakiwa watatu, gawa nne nne. Dai jina litajwe kabla kadi haijawekwa, la sivyo mwenye mikono myepesi atamshinda mwenye macho makali.

Wakishazoea hizi, tengeneza za picha 6. Zinahitaji picha 31 na kadi 31, unaanza na 1, 2, 4, 9, 13, 19, na ukipita 31 unarudi 1.

Mama yako