Barua kwa mwanangu: kati ya 5786 na bilioni 13.8

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza: kalenda yetu ya Kiyahudi inasema 5786, mwalimu wa fizikia anasema ulimwengu una miaka bilioni 13.8, sasa nani mwongo? Usinisadiki kwa kuwa ni mzazi wako. Chukua kalamu.

Anza na hiyo 5786. Imepatikana kwa kujumlisha umri. Mwanzo sura ya 5: Adamu alimzaa Sethi akiwa na miaka 130, Sethi akamzaa Enoshi akiwa na 105, Enoshi akamzaa Kenani akiwa na 90. Endelea hivyo mpaka Nuhu, utafika gharika mwaka 1656 tangu kuumbwa Adamu. Kitabu cha Seder Olam, kinachonasibishwa na Rabi Yose ben Halafta wa karne ya 2, kiliendeleza hesabu hiyo kwa matukio yaliyofuata. Ni hesabu ya vizazi vya watu. Haipimi umri wa jiwe.

Ugumu uko kwenye zile siku sita. Soma Mwanzo 1:5. Kwa Kiswahili, Mungu aliiita nuru “Mchana”, kisha ikawa “siku moja”. Kwa Kiebrania ni neno lilelile, yom: kwanza mwanga peke yake, halafu mwanga pamoja na giza. Shuka hadi 2:4, “siku ile” Mungu alipoziumba mbingu na nchi. Ni yom tena, na sasa imezimeza zote. Matumizi matatu ndani ya aya 35! Hata sisi tukisema “siku hizi” hakuna anayetazama saa. Isitoshe, jua lenyewe linatokea siku ya nne.

Rashi wa Troyes, mfafanuzi wa Torati wa karne ya 11, alikwisha kusema kwenye aya ya kwanza kabisa kwamba andiko halikuja kufundisha mpangilio wa uumbaji. Kisa? Aya ya 2 tayari ina maji, na hatujaambiwa yaliumbwa lini. Naye Rambam, yaani mwanafalsafa Musa bin Maimun, aliandika huko Misri kwamba hakuikataa hoja ya ulimwengu usio na mwanzo kwa sababu ya aya. Aya zingeweza kufasiriwa, kama tunavyofasiri “mkono wa Mungu” bila kuwazia vidole. Aliikataa kwa kuwa haikuthibitishwa, tena ingebomoa msingi wa Torati. Huo ndio utaratibu ninaoufuata: uliza kwanza kama jambo limethibitishwa.

Umri wa dunia umethibitishwa. Nusu ya urani-238 huishia kuwa risasi kwa takriban miaka bilioni 4.47, na vimondo vilivyopimwa kwa njia hiyo vinatoa kama bilioni 4.5.

Sasa mitego. Utaletewa hesabu ya Rabi Aryeh Kaplan: miaka 42,000 ya Mungu, kila mmoja ukihesabiwa kuwa miaka 365,250 yetu, jibu 15,340,500,000, eti wahenga walijua umri wa ulimwengu. Zidisha mwenyewe, ni sahihi. Lakini kuzidisha huko ni kwa Kaplan, wakati wanasayansi wakikisia bilioni 15 hivi. Leo wanasema 13.8. Ukiifunga Torati kwenye tarakimu, tarakimu ikisogea utavutwa nayo.

Wengine huchora jedwali, kila siku na enzi yake. Waulize juu ya ndege: Mwanzo inawaweka siku ya tano, kabla ya wanyama wa nchi kavu, ilhali kwenye miamba reptilia wa nchi kavu wanatangulia ndege. Na anayesema dunia iliumbwa ikiwa tayari imezeeka, hakuna kipimo kinachoweza kumkanusha. Kwangu hiyo ndiyo kasoro yake.

Angalia pia Ramban wa Girona, yaani Musa bin Nahman, mfafanuzi mwingine wa Torati (si yule Rambam). Hupenda kunukuliwa kwamba kila kitu kilianza na maada laini sana isiyoshikika. Kweli aliandika. Ila katika ufafanuzi wake wa sura hiyohiyo ya kwanza ya Mwanzo alishikilia kuwa siku ni siku halisi. Usimkate nusu.

Bado Adamu. Jeni zinaonyesha tumetokana na kundi la watu, si wawili peke yao, na hilo linanipa shida kuliko miaka yote hiyo. Ukija likizo njoo na Rambam, tutaanzia hapo.

Mzazi wako