Tuwafundishe wanafunzi kuweka viungo katika nukuu zao

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua za wasomaji nizungumzie jambo ambalo huenda likaonekana dogo kwa mtu asiyeshinda darasani, nalo ni namna walimu na wanafunzi wetu wanavyoweka viungo vya mtandaoni, yaani linki, katika nukuu za masomo wanazoandika kwenye kompyuta na simu. Ninafundisha Historia katika shule ya sekondari mkoani Lindi, na kwa miaka kadhaa sasa nukuu za somo ninazowapa wanafunzi wangu naziandika katika programu ya kompyuta badala ya daftari. Vijana wetu wamefundishwa kutumia kibodi, wamefundishwa kunakili na kubandika, lakini kuunganisha andiko moja na jingine hawajafundishwa, nasi walimu wao wengi wetu hatukufundishwa.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Mwaka 2019 niliandaa nukuu za mada ya upinzani wa Waafrika dhidi ya ukoloni, na kila nilipopata makala au picha ya maana mtandaoni niliandika “bofya hapa”, nikaificha anwani ya tovuti nyuma ya maneno hayo mawili. Miaka mitatu baadaye nilipozifungua tena, vingi vya viungo vile vilinifikisha kwenye ukurasa wenye taarifa kwamba kinachotafutwa hakipo. Kwamba kiungo hufa, hilo nalielewa. Kilichoniuma ni kuwa sikuweza hata kutambua nilikuwa nimewaelekeza wanafunzi wapi, kwa sababu sikuandika jina la makala, wala la mwandishi wake, wala tarehe niliyoisoma.

Tatizo hili halikuanzia kwetu. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard waliokagua viungo vilivyotajwa katika hukumu za Mahakama ya Juu Kabisa ya Marekani walikuta kwamba takribani nusu yake havimfikishi tena msomaji kwenye habari iliyokusudiwa. Taasisi ya utafiti ya Pew, ya Marekani, nayo ilitoa ripoti mwaka 2024 iliyoonyesha kuwa asilimia 38 ya kurasa za tovuti zilizokuwepo mwaka 2013 hazikuweza kufunguliwa tena miaka kumi baadaye. Ikiwa majaji wa taifa tajiri, wenye makarani na maktaba kubwa, wamepotelewa na vyanzo vyao kiasi hicho, mwalimu wa shule ya kata anayetegemea simu yake ana sababu zaidi ya kujihadhari.

Kazi yenyewe ya kuweka kiungo ni nyepesi. Katika programu nyingi za kuandikia, mtu huchagua maneno anayotaka yawe kiungo, akabonyeza vitufe vya Ctrl na K kwa pamoja, kisha akabandika anwani. Kwenye simu hushikilia neno kwa kidole mpaka orodha ya chaguo itokee. Wanaotumia programu zinazofuata mtindo wa Markdown, uliobuniwa mwaka 2004, huandika maneno ndani ya mabano ya mraba na kuifuatisha anwani ndani ya mabano ya kawaida. Haya yote mwanafunzi wa kidato cha kwanza huyashika kwa dakika kumi. Panapohitaji mwalimu ni kwenye swali la kiungo kiwekwe juu ya maneno gani, na kando yake kuandikwe nini.

Chukua sentensi hii ya mada ya Vita vya Maji Maji: Kinjikitile Ngwale alinyongwa na Wajerumani huko Mohoro tarehe 4 Agosti 1905. Mwanafunzi akibandika baada yake anwani ndefu yenye herufi na alama mia moja, amevunja sentensi na macho ya msomaji yanaruka. Akiandika “bofya hapa”, amemnyima msomaji habari ya kinachomsubiri upande wa pili. Lakini akiongeza sentensi fupi inayosema kwamba habari za kunyongwa huko zimeelezwa katika makala fulani, akaweka kiungo juu ya jina la makala hiyo, na pembeni akataja mwandishi, mwaka wa kuchapishwa na tarehe aliyoisoma, basi hata tovuti ikifungwa kesho jina litabaki, na kwa jina hilo chanzo kinaweza kutafutwa maktabani au katika hifadhi ya Internet Archive, ambayo tangu mwaka 1996 imekuwa ikikusanya nakala za kurasa za tovuti.

Umuhimu wa maneno hayo nilifundishwa na mwalimu mwenzangu asiyeona. Yeye husoma kwa programu inayomtamkia maandishi ya kwenye kompyuta, na programu za aina hiyo huweza kumwekea msomaji viungo vyote vya ukurasa katika orodha moja ili achague anachokitaka bila kusikiliza ukurasa mzima. Siku aliponiomba nisikilize orodha iliyotokana na nukuu zangu, nilisikia “bofya hapa” ikirudiwa mara kumi na tisa, mfululizo, pasipo neno lolote la kutofautisha. Hakunilaumu. Tangu siku hiyo sijaandika maneno hayo tena katika nukuu yoyote, na ninawaomba walimu wenzangu wasiyaandike.

Kuna mambo mengine matatu ambayo miongozo ya wenye programu hizi haiyataji sana, kwa kuwa imeandikwa kwa ajili ya watu wenye intaneti isiyokatika na kompyuta kila mezani. La kwanza ni karatasi. Nukuu zetu nyingi huishia steshenari, zikachapwa na kutolewa nakala, na neno lililokuwa kiungo likishafika kwenye karatasi hubaki neno lenye mstari chini yake. Asiyeandika chanzo waziwazi amewapa chanzo wenye simu peke yao. La pili ni bando. Mwanafunzi anayebofya asijue kwamba anafungua video ya dakika arobaini anaweza kumaliza bando lake la siku kabla hajafika kwenye kile alichotumwa kukisoma, kwa hiyo ni haki yake kuandikiwa kando ya kiungo kwamba hii ni video, au hili ni faili la PDF, na ukubwa wake ni kiasi gani. La tatu ni ruhusa. Mara nyingi mwalimu hutuma kiungo cha faili lililoko kwenye akaunti yake binafsi, darasa zima likaambulia ujumbe wa kuomba ruhusa ya kulifungua, na yeye usiku huo amelala. Kabla ya kutuma, kiungo kijaribiwe kwenye simu ya mtu mwingine.

Hadi hapa nimesema juu ya viungo vya kwenda nje. Kwangu mimi, hata hivyo, faida kubwa zaidi imo katika viungo vya ndani, yaani vinavyotoka kwenye nukuu moja kwenda kwenye nukuu nyingine ya mwandishi yuleyule. Katika programu za kuandikia nukuu kama Obsidian, na vilevile OneNote, unafungua mabano mawili ya mraba, unaandika jina la nukuu nyingine, unayafunga, na njia imekwisha kupatikana. Nilipoipanga upya mada ya Vita vya Maji Maji kwa namna hii, niliacha kuandika nukuu moja ndefu ya kurasa kumi na mbili, nikaandika fupifupi nyingi: moja ya kilimo cha pamba cha kulazimishwa, moja ya Kinjikitile na maji ya Ngarambe, moja ya kushambuliwa kwa boma la Liwale mwaka 1905, moja ya kunyongwa kwa viongozi wa Wangoni mwaka 1906, moja ya njaa iliyofuata.

Jambo lililonishangaza ni kwamba kuweka viungo kuliwalazimisha wanafunzi kufikiri. Nilipowaambia waiunganishe nukuu ya pamba na nukuu ya njaa, wengi waliona ni mambo mawili yasiyohusiana, moja la kabla ya vita na jingine la baada yake. Msichana mmoja aliuliza kama kiungo hicho kingepita moja kwa moja au kingepitia kwenye nukuu ya uchomaji wa mashamba na maghala ya chakula, ambao majeshi ya Wajerumani waliutumia kama silaha. Darasa likabishana kipindi kizima. Kwa nukuu ile ndefu ya zamani nilikuwa nikiwasomea sababu na matokeo yakiwa yamepangwa tayari, (a), (b), (c), nao wakayakariri. Sasa kila kiungo mwanafunzi anachokiweka ni dai lake mwenyewe kwamba jambo hili linahusiana na lile, na lazima awe tayari kulieleza. Ndiyo maana huwa nawaambia waandike sentensi nzima inayobeba kiungo, wasirundike viungo chini ya ukurasa bila maelezo.

Vijana wenyewe huviita linki, nami siwakatazi, ila neno kiungo linanipendeza zaidi kwa sababu kila Mswahili analijua tayari. Mwanafunzi anayefuata mpira anamfahamu kiungo, mchezaji anayepokea mpira kutoka kwa walinzi na kuupeleka kwa washambuliaji. Ukimwambia kwamba kiungo katika nukuu hufanya kazi hiyohiyo, huhitaji kumweleza mara ya pili. Wala wazo lenyewe si geni katika elimu ya mwambao wetu. Wanakili wa hati za Kiarabu tangu kale walikuwa wakiandika chini ya ukurasa neno la kwanza la ukurasa unaofuata, ili karatasi zikichanganyika msomaji ajue inayofuata ni ipi.

Ombi langu kwa Taasisi ya Elimu Tanzania, ambayo imefanya kazi njema ya kuweka vitabu vya kiada katika maktaba mtandao yake, ni kwamba somo la kompyuta liwe na zoezi la vitendo la jambo hili: mwanafunzi apewe ukurasa wenye anwani zilizobandikwa ovyo, aziweke juu ya maneno yanayoeleweka, ataje vyanzo, kisha auchapishe ukurasa huo kwenye karatasi ili aone kama bado unasomeka. Kwa wakuu wa idara mashuleni, ninaomba nukuu za pamoja zikaguliwe viungo vyake kila mwanzo wa muhula, kama tunavyokagua azimio la kazi.

Mimi nimeanza na zile za mwaka 2019. Viungo ambavyo nimeshindwa kutambua vilielekea wapi nimevifuta, na mahali pake ninaandika, kimoja baada ya kingine, vyanzo ninavyovipata maktabani, pamoja na namba za kurasa zake.

Mwalimu wa Historia,
Lindi