Povu la bia si wizi, glasi isiyo na mstari ndiyo tatizo

Mhariri,

Malalamiko ya wanywaji wa bia ya koki hayabadiliki: glasi ina povu, mteja kapunjwa. Ili yaishe, mhudumu analaza glasi mwanzo mwisho na kujaza bia tupu hadi ukingoni. Hapo mteja kashinda kwa macho tu. Bia isiyotoa povu kwenye glasi hubaki na gesi yake, na gesi hiyo huenda kumjaza tumbo. Harufu ya hopsi, maua yanayoipa bia uchungu, nayo hupandishwa puani na povu hilo hilo analolikataa.

Huko Plzeň, Ucheki, ilikozaliwa pilsner, bia angavu ya rangi ya dhahabu, mwaka 1842, povu hutangulia. Mdomo wa koki huzamishwa ndani yake, bia ikapanda kutoka chini ikiwa imeshafunikwa. Upo hata mmimino uitwao mlíko, yaani maziwa: glasi karibu yote ni povu zito lenye utamu, linywewe upesi kabla halijatulia. (Koki zetu za kawaida zisizamishwe, zinabaki na ukoko wa bia unaozalisha vijidudu.)

Wajerumani walimaliza ugomvi kwa sheria: glasi ya baa lazima iwe na mstari wa kipimo. Bia hufika kwenye mstari, povu hukaa juu yake. Uingereza, ambako glasi nyingi za painti, mililita 568, hupimwa hadi ukingoni, wanagombana mpaka leo. Baa zetu zinunue glasi zenye mstari, basi.

Lakini lipo povu la kweli la kulalamikia, lile lisilokwisha. Mara nyingi chanzo ni kegi, yaani pipa la bia, iliyoshushwa kwenye pikapu juani na kuunganishwa na koki siku hiyo hiyo. Kegi ilale kwenye ubaridi wa nyuzi 3 hivi kwa saa 24 kwanza. Kosa la pili ni kupunguza presha ya gesi ukidhani povu litapungua. Kinyume chake, gesi hutoka kwenye bia ikiwa bado kwenye mpira unaoitoa kwenye kegi hadi kwenye koki, koki inatema povu, na kufikia kesho bia ya kegi imeishiwa gesi. La tatu ni kufungua koki nusu. Koki hufunguliwa yote kwa mkupuo, glasi ikiwa imelala nyuzi 45, kisha inasimamishwa ikikaribia kujaa ili povu lifike vidole viwili.

Mipira ioshwe kwa kostiki, dawa kali ya kusafishia, kila baada ya wiki mbili, isuuzwe kwa maji mengi mpaka karatasi ya litmasi, ile inayobadili rangi ikigusa dawa, ionyeshe dawa imeisha. Mipira michafu ndiyo inayoipa bia ladha ya siagi au siki, halafu lawama zinapelekwa kiwandani.

Glasi nayo isioshwe kwenye beseni la sahani za chipsi, maana mafuta huua povu. Kuipima ni rahisi: ilowanishe, nyunyiza chumvi ndani. Panapokataa kushika chumvi pana mafuta. Mteja asiye na chumvi atazame pembeni mwa glasi: vitone vya gesi vikiganda ukutani, ni chafu. Ikiwa safi, kila funda litaacha pete yake ya povu, na akimaliza anaweza kuhesabu amekunywa mafunda mangapi.

Mhudumu wa kaunta,
Arusha