Wenye maduka ya dawa, msitukatie dozi nusu

Mhariri, naomba nafasi kwenye gazeti lako niongee na wenye maduka ya dawa wa hapa Moshi, na sisi wateja pia maana hili tunalifanya pamoja.

Baridi ya mwezi wa sita ndo hii, huku Pasua kila nyumba wanakohoa, we simama duka la dawa dakika kumi tu utasikia "nipe amoksilini za mia tano", mtu anakatiwa vidonge vyake anatia mfukoni anaondoka, hana cheti na hajaulizwa anaumwa nini. Jamani mafua ni virusi! Hiyo amoksilini ni jamii ya penisilini, na penisilini inaharibu ule ukuta wa nje wa bakteria mpaka anapasuka, sasa virusi hana ukuta huo, dawa itapasua nini? Mafua mwili wenyewe unayamaliza, ile homa ni askari wa mwili wako kazini, wiki hivi unapona halafu sifa zote unakipa kidonge.

Naongea kwa uchungu kwa sababu ya mama yangu mzazi. UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, ilikuwa ikimrudia, kila ikirudi anakatiwa dozi nusu, maumivu yakitulia siku ya pili anaacha. Mara ya nne akapandwa na homa usiku anatetemeka kitanda kizima, tukamkimbiza hospitali, wakaotesha mkojo maabara waone ni bakteria gani na dawa gani inamuua, majibu kutoka siku ya tatu tunaambiwa bakteria huyu dawa tatu mlizozoea hazimgusi. Ikabidi sindano siku 7, pesa ya mahindi yote ikaishia hapo. Daktari alinielewesha vizuri sana, kwamba dawa inaua wale dhaifu, wachache wenye usugu wanabaki na nafasi yote ni yao, na hawa wa mkojo wakipata mazingira mazuri kila mmoja anajigawa kuwa wawili ndani ya dakika 20 hivi, hesabu mwenyewe mpaka asubuhi. Tena usugu wanapeana, hata wale wa tumboni wasio na madhara wanaweza kuwapa wabaya.

Fleming aliyegundua penisilini mwaka 1928 alishaonya alipopokea Nobel 1945, kwamba dozi isiyotosha inawazoesha vijidudu dawa. Na TB sugu si habari ya mbali kwetu, hospitali ya Kibong'oto inayotibu TB sugu iko hapo Siha tu. TB ya kawaida vidonge ni miezi 6, ndo maana wauguzi wanakufuatilia mpaka nyumbani, sio kwamba wanakusumbua.

Naomba mtu akija bila cheti mwambieni akapime kwanza, na sisi tukiambiwa hivyo tusinune. Yule wa mtaani kwetu nimeshamfuata tukaongea vizuri, akaniambia dada nisipokata mimi mteja anavuka barabara anaenda duka la pili. Ndo maana nimeandika gazetini, msome wote siku moja.

Msomaji wako,
Pasua, Moshi