Jani la tanipu na mzizi wake si kitu kimoja

Mhariri,

Makala yenu kuhusu tanipu, ule mzizi mweupe wenye bega la zambarau, imesema mambo mawili yanayogongana: kwamba inazuia saratani, na kwamba inaleta rovu. Msomaji hakuambiwa kuwa madai yote mawili yanatokana na kundi moja la viambata. Hakuambiwa pia ni sehemu ipi ya mmea, mbichi au iliyopikwa, na kiasi gani. Na hatari iliyo kubwa kuliko zote haikutajwa kabisa.

Viambata hivyo ni glukosinoleti. Vina salfa, na ndivyo vinavyoipa tanipu ukali wake. Ukiikata au kuitafuna, kimeng'enya cha mirosinasi kilichomo humo humo hukutana navyo na kuvivunja. Kimojawapo hutoa kemikali iitwayo kwa kifupi PEITC, inayochunguzwa na watafiti wa saratani. Kingine, projoitrini, hutoa goitrini, ambayo huizuia tezi ya shingo kutumia madini joto kutengeneza homoni zake.

Goitrini ilitambuliwa mwaka 1949 na Astwood, Greer na Ettlinger, kutoka kwenye tanipu ya manjano, ambayo ni ndugu wa hii nyeupe, na kwenye mbegu za jamii ya kabichi. Hapo kwenye mbegu pana jambo la kushika: mtu anayesaga mbegu hizo akazinywa kama dawa hanywi kitu kile kile anachokula mwenzake kwenye bakuli la mizizi iliyopikwa.

Sasa kiasi. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2016 na Felker na wenzake yanaeleza kuwa mikromoli 194 (kipimo cha kiasi kidogo sana cha kemikali) za goitrini hupunguza uwezo wa tezi kufyonza madini joto, ilhali mikromoli 77 hazikuleta athari hiyo. Majani ya tanipu yana chini ya mikromoli 10 kwa kila gramu 100. Piga hesabu: kufikia 194 kunahitaji karibu kilo mbili za majani au zaidi, kwa siku. Kuna tukio linalolingana na hesabu hiyo, lililoripotiwa Marekani mwaka 2010. Bibi wa miaka 88 alikula kilo moja hadi moja na nusu ya bok choy, aina ya kabichi ya Kichina, ikiwa mbichi, kila siku kwa miezi kadhaa, akiamini itamshushia kisukari, na tezi yake ikadorora hadi akapoteza fahamu. Bok choy na tanipu ni spishi moja, *Brassica rapa*. Kilichomdhuru ni wingi na ubichi, kwa muda mrefu. Moto huua mirosinasi, na ingawa bakteria wa utumbo huendelea kuvunja sehemu ya glukosinoleti, goitrini inayopatikana kwenye mboga iliyopikwa ni kidogo zaidi.

Uhaba wa madini joto ndio unaogeuza jambo dogo kuwa kubwa. Katika kisiwa cha Idjwi, Ziwa Kivu, Delange na Ermans walionyesha mwaka 1971 kwamba uhaba huo peke yake haukutosha kueleza rovu iliyokuwako. Chakula nacho kilichangia, hasa muhogo, unaozalisha mwilini kemikali iitwayo thiosaineti. Thiosaineti hugombania na madini joto mlango mmoja wa kuingilia kwenye tezi, kwa hiyo madini yakitosha inashindwa. Goitrini hufanya kazi baada ya mlango huo, na kuongeza madini joto hakuiondoi kikamilifu. Hata hivyo, kwa mtu anayetumia chumvi yenye madini joto na kula tanipu iliyopikwa kama mboga nyingine, sioni sababu ya kuikimbia. Chumvi hiyo ifunikwe, na itiwe chunguni mwishoni mwa mapishi, kwani madini yake hupotea kwa unyevu na joto.

Hatari niliyoitaja mwanzo ni ya wanaotumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, wakiwemo wengi waliowekewa valvu bandia za moyo. Gramu 100 za majani ya tanipu yaliyopikwa zina takriban mikrogramu 370 za vitamini K, ambayo husaidia damu kuganda na hivyo hupunguza nguvu ya warfarini. Mahitaji ya siku ni mikrogramu 90 kwa mwanamke na 120 kwa mwanamume. Mzizi una takriban 0.1 tu. Mgonjwa aliyeambiwa "tanipu ni salama" akaanza kula sahani ya majani kila siku, INR yake, yaani kipimo cha muda damu inaochukua kuganda, inaweza kushuka na damu kuganda kwenye valvu. Aliyezoea majani akayaacha ghafla, INR itapanda na anaweza kuvuja damu. Asikatazwe mboga. Ale kiasi kile kile wiki hadi wiki, na akitaka kubadilisha aiambie kliniki kwanza ili apimwe mapema. Mchicha, kisamvu na sukuma wiki vinafuata kanuni hiyo hiyo.

Kuhusu saratani, jaribio la mwaka 2016 kwa wavuta sigara 82 lilitumia PEITC safi. Kuamilishwa kwa sumu moja ya tumbaku kulipungua kwa asilimia 7.7. Hawakupewa tanipu, na kilichopimwa si saratani yenyewe. Tanipu kwa kikohozi, kama wanavyoila Iran na Iraki, ni chakula cha moto kinachomfariji mgonjwa, msiiite tiba.

Anayetaka kuhifadhi glukosinoleti apike kwa mvuke, vipande vya sentimita moja, kwa dakika kumi hivi. Kuzichemsha mboga za jamii hii kwa nusu saa kumeonekana kupoteza zaidi ya nusu yake, nazo huishia kwenye maji yanayomwagwa. Mwenye wasiwasi na tezi yake, kwa sababu hiyo hiyo, achemshe na amwage. Mizizi ichaguliwe ya sentimita tano hadi nane kwa upana. Iliyozidi huwa na nyuzi, na iliyokulia kwenye joto kali huwa chungu.

Naomba toleo lijalo lichapishe sahihisho kuhusu majani na warfarini, kwenye ukurasa ule ule makala ilipotokea.

Mtaalamu wa lishe,
Moshi