Ukimya wako hauna kosa

Mwanangu mpenzi,

Juzi kwenye simu uliniambia, "Mama, mimi ndivyo nilivyoumbwa. Furaha ni ya watu kama kaka." Nilinyamaza, maana jibu la harakaharaka lisingekufaa. Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma, na leo nakuandikia.

Sitakudanganya kwamba tabia ya mtu haina uzito. Wanasaikolojia huipima haiba, yaani tabia ya mtu ilivyo kwa kawaida, kwa sifa tano: uchangamfu, upole kwa wengine, bidii yenye mpangilio, udadisi, na wepesi wa kuingiwa na wasiwasi. Tafiti za mapacha zinaonyesha kwamba karibu nusu ya tofauti za haiba baina ya watu inatokana na urithi. Kwa hiyo huo moyo unaokwenda mbio usiku kucha kabla ya mtihani hukuutafuta. Pengine umeurithi kwangu. Nami nilipokuwa na umri wako nilikuwa nikilala huku nikihesabu yote yanayoweza kuharibika.

Ila kuna jambo moja ambalo natamani ningelijua mapema. Mwaka 1980 wanasaikolojia Paul Costa na Robert McCrae walionyesha kwamba uchangamfu huenda pamoja na hisia za furaha, na wepesi wa wasiwasi huenda pamoja na hisia za uchungu, na kwamba hivyo ni vitu viwili mbalimbali. Mtu anaweza kuwa mkimya na mtulivu moyoni. Mwingine anachangamsha ukumbi mzima, akifika chumbani analia. Sasa nakumbuka nilivyokusukuma: "Ongea na watu! Toka nje! Mwone kaka yako!" Nilikuwa natibu ukimya wako, ambao haukuwa ugonjwa, nikauacha wasiwasi unaokutesa. Nisamehe, mwanangu.

Tena kuwa mzima wa nafsi si kucheka tu. Mwanasaikolojia Carol Ryff, mwaka 1989, alitaja mambo sita: kujikubali, uhusiano mwema na watu, kujiamulia mambo yako, kuyamudu mazingira yako, kuwa na lengo maishani, na kuendelea kukua. Niliyasoma nikikuwaza wewe. Lengo unalo, tena unalo kuliko watu wengi wazima ninaowajua. Bidii yako na ule mpangilio wako wa vitabu, ambao tulikuwa tunautania, ndiyo sifa ambayo tafiti huikuta kwa watu wanaoyamudu maisha yao. Rafiki unao mmoja, na mnaaminiana kabisa. Linalokupiga chenga ni la kwanza, kujikubali, na hapo mimi mama yako nina sehemu ya lawama.

Wasiwasi nao haukuandikwa kwenye jiwe. Mwanasaikolojia Brent Roberts na wenzake walikusanya tafiti 207 na kuchapisha matokeo yao mwaka 2017: watu waliopata tiba ya kisaikolojia walibadilika haiba, na kilichobadilika zaidi ni wasiwasi huo. Mabadiliko yalionekana ndani ya wiki, si miaka. Ndiyo maana naomba tumtafute mshauri nasaha. Nitakusindikiza, nikae nje hadi umalize, na sitakuuliza mliongea nini.

Na ile sherehe ya mwisho wa mwezi, usipotaka kuja, usije. Nitawaambia umebaki nyumbani unasoma, na nitalisema bila kuomba radhi kwa yeyote.

Nakupenda,
Mama yako